Kontakta za Kuchomoa na Kontakta za Bolti

Nilianza kazi ya fundi umeme kwenye jineri ya ushirika, nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikiwa bado sijatimiza mwaka tangu nitoke chuo cha ufundi Mwanza. Jineri ndilo jina tulilokiita kiwanda kile cha kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake. Wanawake wengine pale walikuwa wakifagia vumbi la pamba na kushona viroba vya mbegu. Mimi nilivaa ovaroli, na wakulima walioleta pamba walisimama kunitazama kana kwamba nimepotea njia. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mpunga huko Kiloleli. Siku niliyomwambia nimepata ajira aliniuliza swali moja tu: huo umeme unauma? Nikamwambia unauma.

Chumba cha umeme kilikuwa nyuma ya mashine za kuchambulia. Ndani yake kulikuwa na makabati manne ya chuma, marefu kuliko mtu, kila kabati likiendesha mota moja kubwa. Umeme wa mota hizo haukuwa ule wa taa za nyumbani. Ulikuwa wa volti elfu tatu na mia tatu, na umeme wa namna hiyo haukusubiri uuguse. Ukiusogelea mno unakufuata wenyewe. Katika kila kabati kulikuwa na kontakta, yaani swichi kubwa inayojifunga mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia mota na kujifungua anapobonyeza cha kuzima. Kontakta zetu zilikaa juu ya kigari chenye magurudumu madogo. Ukitaka kuitengeneza, unazima, unaweka mpini, unazungusha, na kontakta yote inatoka nje kama droo ya meza, mpaka unaiona sakafuni mbele yako. Nyuma yake kibati kinashuka chenyewe na kufunika vyuma vyenye umeme.

Aliyenifundisha hayo alikuwa mzee mmoja wa Lingeka, fundi mkuu wetu. Hakuwa na cheti chochote cha maana. Aliingia jineri kama kibarua wa kubeba marobota, akawa anamshikia tochi fundi aliyekuwapo, mwisho akawa yeye fundi. Kwao alikuwa na ng'ombe, na kila likizo alikwenda kuwakamua mwenyewe, hata kama mke wake na watoto walikuwa wameshazoea kazi hiyo. Asubuhi aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami nilimwita baba.

Alikuwa mtu wa taratibu zinazochosha. Alichomoa kontakta, akachukua kijiti cha kupimia umeme, akakijaribu kwanza kwenye kabati lililo hai kuona kama kinafanya kazi, akapima alipotaka kupima, halafu akarudi tena kukijaribu kwenye kabati lililo hai. Ndipo alipotia kufuli na kuweka ufunguo mfukoni. Siku moja nilikuwa na haraka, nikamwambia kontakta si iko pale sakafuni, tunapima nini tena.

"Napima kijiti," alisema. "Kontakta naiona."

Kwa miaka kumi sikumwona akiharakishwa na mtu yeyote. Msimu ukiwa umepamba moto, kontakta ikileta matatizo, tuliivuta nje, tukasukuma ya akiba iliyokuwa pembeni, na mota ikarudi kazini kabla wapakiaji hawajamaliza kunywa uji. Ile mbovu tuliifungua mezani kwa nafasi.

Kisha likaja soko huria. Sitaki kusema ushirika ulikuwa malaika, maana niliyaona mengi pale. Lakini msimu wa kwanza wanunuzi binafsi walipoingia na mizani zao barabarani, pamba iliacha kuja kwetu. Msimu wa pili tuliendesha mota moja kati ya nne. Wa tatu hatukuwasha kabisa. Tulikwenda kazini kila siku kukaa kivulini, mishahara ikawa hadithi. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika huohuo, naye akapunguzwa. Wakati huo sisi bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na habari za kuuzwa kwa jineri tulizisikia kwa abiria waliotoka Shinyanga mjini kabla uongozi wetu haujatuambia.

Mnunuzi alileta meneja wake, kijana mwenye Kiswahili laini cha Dar es Salaam, mwenye adabu. Hilo nalisema makusudi, kwa sababu watu wakisikia habari hizi hudhani alikuwa katili. Alituita ofisini, akatupa soda, akatuambia jineri itafufuka, na mafundi wa umeme hatagusa hata mmoja. Tulikuwa wawili tu.

Baada ya wiki kadhaa aliniita peke yangu. Alisema makabati ya zamani yataondolewa, yatakwenda kwenye kiwanda kingine cha tajiri wake, na kwetu yataletwa makabati yaliyotumika mahali pengine, yenye kontakta zilizofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ukuta wa kabati. Hakuna kigari, hakuna mpini.

"Dada, wewe umesoma," alisema. "Niandikie kitaalamu. Ipi bora, ya kuchomoa au ya kufunga? Wakubwa wanataka maoni ya fundi wa hapahapa."

Niliona fahari. Hakuna aliyewahi kuniomba maoni kwa maandishi. Niliandika jioni mbili mezani kwangu, na niliandika ukweli, maana ukweli wa jambo lile hauko upande mmoja. Kontakta ya kuchomoa ina vidole vya shaba nyuma yake vinavyoingia na kutoka. Vidole hivyo huchakaa, na kigari kisipofika mwisho hupata moto. Niliwahi kuviona vimebadilika rangi vikawa kama chungu. Magurudumu yake hukwama kwa vumbi la pamba. Kibati cha nyuma nacho hukwama, ukadhani kimefunika kumbe kimebaki nusu. Kontakta ya bolti haina hayo yote. Ina vitu vichache vya kuharibika, nafasi yake ni ndogo, na zile mpya ambazo ndani yake hazina hewa huweza kufanya kazi miaka bila kuguswa. Ubovu wake ni kwamba ikiharibika huitoi kwa dakika kumi, na ya akiba huisukumi mahali pake. Unaingiza mikono kabatini.

Hayo yalijaza ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili niliandika sharti. Kwamba kontakta za bolti zinafaa tu iwapo kila kabati litakuwa na swichi yake ya kutenganisha, swichi ambayo fundi anaifungua kwa mkono, anaona kwa macho kwamba vyuma vimeachana, na anaitia kufuli. Bila hiyo, kutengeneza mota moja ni lazima kuzima jineri nzima. Nilipigia mstari maneno "jineri nzima".

Mzee nilimsomea kabla sijapeleka. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua zile karatasi mbili, akazipima mkononi.

"Hii ya bolti haichoki upesi, ni kweli," alisema. "Ila haikuonyeshi kitu. Ile nikiivuta, hata kipofu anajikwaa nayo."

"Ndiyo nimeandika sharti, baba."

"Umeliandika karatasi ya pili, mayu. Ungeliweka katika ya kwanza."

Nilicheka. Nilidhani anasema juu ya mpangilio wa barua, jambo ambalo mimi nililijua kuliko yeye.

Makabati mapya yalipofika, tuliyafungua wawili na kuyazunguka kama watu waliouziwa ng'ombe mgonjwa. Hayakuwa na swichi za kutenganisha. Kulikuwa na swichi kuu moja ukutani, inayolisha makabati yote manne. Juu ya kila kontakta, nyuma ya kipande cha bati, vilipita vyuma vitupu vyenye umeme, na vilikuwa na umeme hata mota ikiwa imezimwa, mradi swichi kuu imewashwa. Nilikwenda kwa meneja. Aliniambia kwa upole kwamba swichi zimeagizwa, tuanze msimu, zitafuata. Juu ya meza yake niliona ukurasa wangu wa kwanza umebanwa kwenye faili, na wa pili haupo. Niliuona, nikatoka, sikuuliza. Nimejieleza sana moyoni kuhusu ule ukimya. Nilijiambia pengine umebanwa mahali pengine.

Msimu ule pamba ilikuwa nyingi. Malori yalipanga foleni toka getini mpaka barabarani, mengine yakitoka Meatu, mengine Busega. Mara mbili kontakta zilituletea taabu, na mara zote mbili mzee alikwenda kuomba jineri izimwe, ikazimwa, lakini kwa manung'uniko. Mara ya pili meneja alisimama mlangoni mwa chumba cha umeme akitazama saa yake muda wote tuliokuwa tukifanya kazi. Mzee hakuruka hata hatua moja. Alipima kijiti, akapima vyuma, akarudi kupima kijiti.

Mara ya tatu ilikuwa saa nne asubuhi. Kontakta ya mota namba mbili ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia, inatetemeka kama jino bovu. Tulijua ni nini: waya mdogo wa kuiamrisha umelegea. Tulikwenda ofisini wote wawili. Ndani alikuwamo meneja peke yake.

"Naomba nusu saa, bwana meneja," mzee alisema. "Tuzime kote."

"Mzee wangu, mota namba mbili si tayari imesimama?"

"Imesimama. Lakini juu yake kuna umeme wa wenzake."

"Na waya unaoutafuta uko juu au chini?"

"Uko chini."

"Sasa kwa nini nisimamishe mota tatu nzima kwa sababu ya waya wa chini?" Sauti yake haikupanda. "Malori yote yale unayaona. Leo siwezi kuzima. Wewe ni fundi wa miaka mingi, mzee wangu. Fanya kama fundi."

Mzee aligeuka. Alinitazama. Nadhani alingoja niseme kitu, mimi msomi niliyeandika kurasa mbili. Nilisema, "Labda tungengoja mchana." Meneja akasema mchana yatakuja malori mengine. Basi. Hayo ndiyo maneno yote yaliyosemwa, na nimeyaandika hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu baadaye yaliandikwa vingine.

Tukiwa njiani kurudi, mzee alivua saa yake ya mkononi akanipa niishike. Alivaa glovu za mpira, akafungua mlango wa kabati, akapiga magoti. Mimi nilisimama hatua mbili nyuma yake na tochi. Alichukua muda mrefu akitazama tu. Kisha akaingiza mkono wa kulia, na wa kushoto akauegemeza pembeni. Nilisikia bisibisi ikigusa kitu. Kama ilimponyoka, au lile bati la juu lilikuwa limelegea likashuka, sijui mpaka leo, na niliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi. Niliona weupe. Mlio niliusikia baadaye, au ndivyo ninavyokumbuka. Nilipoweza kuona tena alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, mikono ameinyanyua mbele yake, na zile glovu hazikuwa glovu tena. Nyusi zangu zilikuwa zimeungua na sikujua.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mayu, zima."

Hakukuwa na cha kuzima. Jineri yote ilikuwa imejizima, na nje kulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia madereva wakiulizana kuna nini. Tulikuwa tumeomba nusu saa. Jineri ilisimama siku tatu.

Alipelekwa hospitali Mwanza. Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Wa kushoto walimwachia, lakini vidole vilikunjamana vikashikana, havikufunguka tena.

Ofisi ilifanya uchunguzi wake. Karani mmoja alitumwa hospitali na fomu ya maelezo na kidau cha wino wa dole gumba. Alimkuta mzee kafungwa bandeji mikono yote miwili. Aliniambia mwenyewe aliporudi kwamba alikaa pale na kidau chake mapajani, hajui afanye nini, mwisho akaandika chini ya fomu: mhusika amekubali kwa mdomo. Alichokubali mhusika, kwa mujibu wa fomu ile, ni kwamba alifungua kabati bila kumwarifu mtu.

Kisha ikawa zamu yangu. Meneja aliniita, akanipa soda tena. Mbele yake ilikuwapo karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. Ilisema kwamba makabati yale yalinunuliwa kufuatana na ushauri wa maandishi wa fundi umeme wa kiwanda, na jina langu lilikuwa hapo. Ilisema pia kwamba mimi sikusikia mazungumzo yoyote ya kuomba jineri izimwe.

"Nilikuwepo," nilisema.

"Ulikuwepo, dada. Lakini si lazima uwe umesikia."

"Na karatasi yangu ya pili?"

"Karatasi ipi?" Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui, na huenda kweli alikuwa hajui. Huenda iliondolewa juu zaidi kuliko yeye. Sikupata kujua. "Mimi nina hii moja. Na hii ina sahihi yako."

Haikuwa na sahihi yangu. Sahihi nilikuwa nimeiweka mwisho, kwenye ukurasa wa pili. Jina langu tu ndilo lililokuwa juu ya ule wa kwanza. Nilifungua mdomo niseme hilo, halafu nikamfikiria mume wangu aliyekuwa nyumbani tangu ushirika ulipoanguka, akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeinunua, na binti yetu aliyekuwa ametoka kupasi kwenda sekondari. Nikaweka sahihi. Haikuchukua muda. Kalamu ilikuwa nzuri.

Kwa sahihi ile mzee aliandikwa kuwa mzembe, na mzembe hana fidia.

Wiki ya pili baada ya ajali swichi za kutenganisha zilifika, nne, ndani ya masanduku ya mbao. Nilizifunga mimi, nikisaidiwa na fundi waliyemtoa kwingine. Zilikuwa swichi nzuri. Ukivuta mpini unaona vyuma vinaachana, unatia kufuli, unaweza kuingiza mikono kabatini ukaimba. Kuanzia siku ile kontakta za bolti hazikumdhuru mtu, na kwa kweli hazikusumbua sana. Kila nilichokiandika kuhusu uzuri wake kilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonikera kuliko mengine.

Nilikawia miezi mitano kwenda Lingeka. Nilipanda gari la mizigo la wanunuzi wa pamba, nikateremka njia panda, nikauliza. Mke wake alikuwa anapepeta mtama uani. Nilimwamkia, "Mwadila, mayu," akaitikia, akanitolea kigoda, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Hakuniuliza mimi ni nani. Alikuwa anajua.

Mzee alikuwa amekaa kivulini mwa ghala, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka juu, na nikafahamu kwamba kuna mtu anayemfunga vifungo hivyo kila asubuhi. Nilimrudishia saa yake. Mke wake akaipokea, akaingia nayo ndani.

Tulizungumza habari za mvua. Nikamwambia nilichokuja kumwambia, bila kukizunguka: kwamba niliandika sikusikia.

"Nimesikia," alisema.

Mbele yetu kuku walikuwa wakiokota mtama uliomwagika.

"Swichi zimewekwa?" aliuliza.

"Zimewekwa, baba."

"Lini?"

"Wiki ya pili baada yako."

Alitikisa kichwa polepole. "Wiki ya pili," alisema. "Basi zilikuwa karibu."

Nilianza kulia, na nilijichukia kwa kulia mbele yake, kwa kuwa sasa ilikuwa kana kwamba ni yeye anayepaswa kuninyamazisha. Hakuninyamazisha. Alitazama upande wa mbuga, ambako ng'ombe walikuwa wanarudi wakiinua vumbi. Mke wake alitoka na kibuyu kingine na kamba ya kufungia miguu ya ng'ombe, akasimama mbele yangu.

"Mayu," alisema, "ng'ombe wanaingia. Nina kazi ya kukamua. Yeye hawezi."

Ilikuwa ni kuniaga. Nilisema wabeja, yaani asante, kwa maziwa, nikaondoka. Mzee aliniambia niende salama, kwa adabu ileile aliyokuwa nayo siku zote, na adabu ile imenikaa kama mwiba.

Nilifanya kazi pale misimu miwili zaidi, mpaka binti alipofika kidato cha tatu na mume wangu akapata kibanda cha kuuza vipuri vya baiskeli. Ndipo tukahamia Lamadi, ambako nyumba za wageni zilikuwa zinajengwa kando ya barabara na kila moja ilitaka taa na feni. Umeme wa nyumba ni mdogo, unauzima kwa kidole. Mzee alifariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Taarifa niliipata mazishi yakiwa yamekwisha, kwa mchuuzi wa dagaa aliyetoka huko. Alinieleza kwamba watu walikuwa wengi, na kwamba mke wa mzee alikataa katakata rambirambi iliyotumwa na jineri. Nilimuuliza kama alisikia lolote kunihusu mimi. Akasema hapana, mimi sikutajwa.